Mitungi ya zamani ya kuzamia: ni kipimo gani kinachotosha kabla ya kuijaza hewa tena?

Bahari_Tanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mzamiaji katika mwambao wa Tanga na Pemba kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ameniachia mitungi mitatu ya hewa ambayo imelala stoo kwa miaka mingi. Ningependa kuirudisha kazini kwa sababu vijana wa hapa kwetu wanaofuatilia hali ya matumbawe wana vifaa vichache sana, lakini sitaki kumkabidhi mtu chombo ambacho sijui kama ni salama. Nimeisafisha kwa nje na kunakili maandishi yote yaliyogongwa kwenye mabega yake.

Mtungi wa kwanza ni wa chuma, na umeandikwa ICC-3AA2250, kisha namba yake, kisha 6-66 na alama ya kujumlisha. Zipo tarehe nyingine zilizogongwa baadaye, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1989. Vali yake ina mkono mdogo pembeni unaopanda na kushuka. Mtungi wa pili ni wa alumini, umeandikwa DOT-3AL3000, jina la Luxfer na mwaka 1984. Wa tatu ni wa chuma kutoka Ulaya, wa mwaka 1978, wenye presha ya kazi ya baa 200 na ya kupimia ya baa 300. Maandishi ya shingoni mwake yamefutika, ila vali imeandikwa M25x2, na ninapoifunga huchezacheza katika mizunguko ya mwanzo kabla ya kukaza.

Nimepewa ushauri wa namna mbili. Mwenye kompresa ameniambia nijaze polepole hadi baa 100, na kama hakuna kinachovuja basi mtungi ni mzima. Rafiki yangu ambaye ni fundi wa magari anasema atauzamisha mtungi katika pipa la maji, aujaze hewa hadi uvuke kidogo presha yake ya kazi, kisha tuangalie mapovu. Naomba mwenye ujuzi anieleze iwapo mojawapo ya njia hizi inafaa, na kama haifai, kipimo cha kweli ni kipi.

FundiWaMitungi alijibu:

Ndugu yangu, pole kwa msiba. Kazi yangu ya kila siku hapa Florida ni kupima mitungi ya presha, na mitungi ya umri wa huo wako wa kwanza bado huletwa mezani kwangu, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu. Kwanza kabisa, nakuomba usiijaze kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, hata kwa baa chache.

Kuvuja na kupasuka ni mambo mawili tofauti. Mtungi unaovuja una tatizo dogo, mara nyingi la ringi ya mpira kwenye vali, na mapovu yatakuonyesha mahali pake. Mtungi unaokaribia kupasuka hauvuji lazima. Unaweza kushika hewa bila kutoa povu hata moja mpaka sekunde unapofumuka. Hewa iliyoshindiliwa hubeba nguvu nyingi sana kwa sababu inataka kutanuka mara mia mbili ya nafasi iliyomo, na mtungi ukifumuka nguvu hiyo yote hutoka kwa mara moja. Pipa la maji halizuii kitu. Ndiyo maana vipimo vyote vya kweli hufanywa kwa maji ndani ya mtungi: maji hayashindiliki kwa kiasi cha maana, na mtungi uliojaa maji ukipasuka presha hushuka papo hapo, bila mlipuko wa namna ile.

Kuna ubaya wa pili wa njia ya rafiki yako ambao watu wengi hawaufahamu. Kipimo halali kinategemea kuona jinsi chuma kinavyotanuka kinapofikishwa kwenye presha ya kupimia. Chuma kilichochoka kikishatanuliwa mapema, hakitatanuka tena kwa kiasi kilekile mara ya pili, na udhaifu wake utajificha wakati wa kipimo. Kwa sababu hiyo kanuni za Marekani zinakataza mtungi kutiwa presha inayozidi asilimia 90 ya presha ya kupimia kabla ya kipimo chenyewe. Yeyote anayejaribujaribu mtungi nyumbani kwa presha kubwa anaweza kuwa anafuta ushahidi ambao mpimaji angeuhitaji.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Mtungi hutolewa vali, hukaguliwa ndani na nje, hujazwa maji, kisha hutumbukizwa katika chumba cha chuma ambacho nacho kimejaa maji na kufungwa kabisa. Chumba hicho kimeunganishwa na bomba jembamba la kioo lenye alama za vipimo, au na mizani. Pampu inapoongeza presha ndani ya mtungi, mtungi hutanuka na kusukuma nje maji ya chumbani, nayo hupanda kwenye lile bomba. Kwa mitungi ya namna yako ya kwanza na ya pili, presha ya kupimia ni thuluthi tano za presha ya kazi: mtungi wa 2250 hupimwa kwa paundi 3750 kwa inchi ya mraba, yaani karibu baa 259, na ule wa 3000 hupimwa kwa paundi 5000. Presha hushikiliwa kwa sekunde 30 au zaidi mpaka maji yatulie, mpimaji anasoma jumla ya kutanuka, kisha anaachia presha na kusoma kiasi ambacho hakikurudi.

Hicho ambacho hakikurudi ndicho kinachoamua. Chuma kizima hutanuka na kurudi karibu kabisa mahali pake. Tuseme mtungi wako umetanuka sentimita za ujazo 60 kwa jumla, na baada ya presha kuachiwa zimebaki 2. Hiyo ni asilimia tatu na kitu, na mtungi umefaulu. Zikibaki zaidi ya 6, umevuka asilimia 10, na mtungi huo haurudi kazini hata kama kwa macho unaonekana mpya.

Sasa nikusomee mtungi wako wa kwanza. ICC ni tume ya Marekani iliyosimamia mitungi ya presha kabla ya kazi hiyo kuhamia wizara ya uchukuzi, ambayo alama yake ni DOT kama ulivyoiona kwenye mtungi wa pili. 3AA ni aina ya chuma, chuma imara chenye kromi na molibdeni, na 2250 ni presha ya kazi kwa paundi. Tarehe 6-66 ni ya kipimo chake cha kwanza kiwandani. Alama ya kujumlisha inaruhusu kuongeza asilimia 10, yaani kufikia paundi 2475, lakini ruhusa hiyo haidumu: ni lazima igongwe upya katika kila kipimo, baada ya mpimaji kulinganisha kutanuka kwa mtungi na kikomo kilichowekwa kwa mtungi wa aina hiyo. Hivyo ile alama ya mwaka 1966 haikupi haki yoyote leo. Ukifaulu bila alama mpya, ujazwe hadi paundi 2250, kiasi cha baa 155, na usivuke hapo.

Kwa umri wake usikate tamaa. Sheria ya Marekani haiweki ukomo wa miaka kwa mtungi wa chuma wa 3AA. Inachotaka ni kipimo kila baada ya miaka 5, na mitungi ya chuma ya miaka ya 1950 na 1960 iliyotunzwa vizuri bado inafaulu. Kati ya mitungi yako mitatu, huo mkongwe ndio ninaoutumainia zaidi.

Mzamiaji_Watamu alijibu:

Ninaunga mkono kila alichosema Fundi, na ningependa kumwongezea ndugu yetu kuhusu ule mtungi wa alumini, kwa sababu huo ndio unaonitia hofu. Watu huutazama wakauona mpya na mwepesi, hauna kutu, na wanaupendelea kuliko ule wa chuma wa 1966. Hali halisi ni kinyume chake.

Luxfer ya Marekani ilitengeneza mitungi yake kwa aloi iitwayo 6351 mpaka katikati ya mwaka 1988, ilipohamia aloi ya 6061. Kampuni nyingine, kama Walter Kidde, nazo ziliitumia 6351, na Luxfer ya Uingereza iliendelea nayo mpaka 1995. Aloi hiyo ina tabia ya kupata nyufa zinazokua polepole sana pale mtungi unapokaa na presha kwa muda mrefu. Hauhitaji kuangushwa wala kutumiwa vibaya. Kukaa umejaa kunatosha. Nyufa huanzia kwa ndani, kwenye bega na shingo, na kupanda kukata nyuzi ambamo vali inashika. Mwaka 1984 unauweka mtungi wako moja kwa moja katika kundi hilo.

Jambo la kusisitiza hapa ni kwamba kipimo cha maji peke yake hakitoshi kwa mtungi huu. Kipimo kile kinapima ukuta mzima unavyotanuka, na ufa mdogo shingoni hauongezi kutanuka kwa kiasi kinachosomeka, kwa sababu shingo ni nene na haitanuki sana. Mtungi unaweza kufaulu kwa asilimia 1 au 2, ukapewa muhuri, ukafumuka mbele ya mjazaji baadaye. Ndiyo maana tangu Januari 2007 Marekani inadai kwamba mitungi ya aloi hiyo inayotumika kuzamia ifanyiwe, pamoja na kipimo cha maji, ukaguzi wa shingo kwa macho na kwa kifaa cha umeme. Kifaa hicho kina ncha inayosokotwa ndani ya shingo kama vali, kinapeleka mkondo mdogo wa umeme kwenye metali, na pale penye ufa mkondo unakatizwa na mshale au mchoro unaruka. Ufa unaopita nyuzi mbili au zaidi unatosha kuukataa mtungi.

Ukitaka kuangalia kwanza kwa macho, vali ikishatolewa na mtungi ukiwa mtupu, ingiza taa ndogo na kioo kidogo cha mkono mrefu, cha aina wanayotumia madaktari wa meno, na utazame shingo kutoka chini kwenda juu. Futa nyuzi kwanza kwa kitambaa safi, maana grisi ya zamani huficha mengi. Ufa huonekana kama mstari mwembamba mweusi unaosimama wima, ukishuka kutoka kwenye nyuzi na kuingia begani, na haukatiki unapobadilisha pembe ya taa. Mkwaruzo wa kifaa cha kiwandani kwa kawaida huwa na kingo laini na hurudia umbo lilelile kuzunguka shingo. Ukiuona mstari wa aina ya kwanza, kazi imekwisha. Usipouona, bado hujathibitisha kitu, kwa sababu ufa mchanga hauonekani kwa jicho.

Maoni yangu binafsi, na nayatoa nikiwa mtu anayejaza mitungi: usiurudishe kazini hata ukipata mtu mwenye kifaa hicho. Sheria ya Marekani haikuupiga marufuku, lakini maduka mengi ya kuzamia huko na kwingineko yanakataa kuujaza, na mimi pia nakataa. Mitungi ya namna hii hufumuka zaidi wakati wa kujazwa, kwa sababu ndipo presha inapofika kileleni, na anayekuwa karibu wakati huo si mmiliki wala mzamiaji, bali kijana wa kompresa aliyeinama juu yake. Wajazaji wamepoteza viungo, na wengine maisha, kwa mitungi iliyokuwa na muhuri halali. Hakuna akiba ya fedha inayolingana na mkono wa mtoto wa mtu.

Kuhusu mtungi wa tatu, nakusihi usiuguse tena kwa presha yoyote mpaka shingo yake ipimwe. M25x2 ni kipimo cha mita, chenye kipenyo cha milimita 25. Mitungi mingi ya zamani ya Ulaya, ya Uingereza hasa, ilikuwa na nyuzi za robo tatu ya inchi, ambazo ni pana kidogo, kama milimita 26 na nusu, na hatua yake ni tofauti. Vali ya M25 huingia katika shingo hiyo. Hucheza mwanzoni kama ulivyoeleza, kisha hukaza kwa sababu nyuzi zinabanana na ringi inagandamizwa, na inaweza hata kushika presha ndogo bila kuvuja. Presha ikipanda vali huchomoka na kuruka kama risasi. Ajali za namna hiyo zimetokea zaidi ya mara moja. Mpimaji mzuri ana vipimo viwili vya kusokota, kimoja cha kila aina, na kazi hiyo haimchukui dakika tano. Huku Malindi na Watamu, ambako mitungi mingi ya zamani ilikuja na wageni kutoka Italia na nchi nyingine za Ulaya, tumejifunza kutoamini vali mpaka tujue shingo ni ya aina gani.

Bahari_Tanga aliandika:

Nawashukuru sana wote wawili. Nimewaeleza vijana, na mtungi wa alumini tumeshauweka pembeni. Nimeupima uzi wa ile vali kwa kalipa na kupata pungufu kidogo ya milimita 25, kwa hiyo vali kweli ni ya M25, na shingo ndiyo yenye shaka.

Nina maswali mengine. Nikitaka kutoa vali ya ule mtungi wa 1966 ili uende kupimwa, kuna hatari gani? Nikiifungua hakitoki kitu, kwa hiyo nadhani ni mtupu. Pia kuna fundi aliyejitolea kuupiga mchanga na kuupaka rangi mpya ya kuchoma kwenye tanuri kabla haujapelekwa. Je, nimruhusu?

Msafiri_Maskati alijibu:

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Maskati, na nimezamia na mitungi ya chuma ya enzi hizo kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusuni nijibu swali la vali, kwa sababu lina hatari iliyojificha.

Ule mkono wa pembeni unaonyesha kuwa vali yako ni ile yenye akiba. Zamani, kabla geji za presha hazijawa za kawaida, mzamiaji alijua hewa inaisha pale pumzi inapokuwa nzito. Ndipo aliposhusha mkono ule na kufungua akiba iliyokuwa imezuiwa na springi, kiasi cha paundi 300 hivi. Maana yake ni kwamba mkono ukiwa juu, mtungi unaweza kuwa na baa 20 ndani huku vali ikiwa wazi na hakuna kinachotoka. Shusha mkono kwanza, kisha fungua vali taratibu mahali pa wazi, usisimame mbele ya tundu, na uiache wazi. Hata baada ya hapo usiamini kabisa. Kutu inaweza kuziba kijibomba kilicho chini ya vali, na mtungi ukabaki na presha usiyoisikia. Unapoanza kuisokota vali itoke, nenda robo mzunguko kwa wakati mmoja. Vali ya mtungi mtupu ikishalegea husokoteka kwa mkono. Ikiendelea kuwa nzito baada ya kulegea, au ukisikia mlio wa hewa, acha hapohapo, ikaze tena, na umpelekee mtaalamu. Mtungi ufungwe imara kabla ya kuanza, na uso wako usiwe juu ya vali hata kidogo.

Ukishaufungua, uinamishe juu ya karatasi nyeupe na uone kinachotoka. Vumbi jekundu kidogo ni jambo la kawaida na husafishika: mtungi hutiwa vipande vya kauri au vya madini magumu na kuzungushwa kwa saa kadhaa mpaka chuma king'ae, kisha huoshwa na kukaushwa kwa hewa ya moto mara moja, maana chuma kilicho uchi huanza kupata kutu ndani ya dakika chache. Magamba makubwa ni habari nyingine, kwa sababu chini yake mara nyingi kuna mashimo. Shimo moja moja lenye kina kidogo linaweza kuvumiliwa, lakini mashimo yaliyopangana kama mstari, hasa pale kitako kinapokutana na ukuta, yanahukumiwa kwa ukali zaidi. Huko ndiko maji ya chumvi yanakokaa mtungi ukisimamishwa.

Mitungi mingine ya miaka ya 1960 ilipakwa ndani utando wa epoksi ili kuzuia kutu. Nia ilikuwa njema, lakini utando huo huvimba na kubanduka kwa miaka, maji hupenya chini yake, na kutu inakula chuma mahali usipoweza kupaona. Ukiona utando wa rangi ya kahawia au kijani ndani, ni lazima uondolewe wote kabla ya ukaguzi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kutu hutengenezwa kwa oksijeni. Mtungi wenye unyevu uliofungwa ukiwa na hewa kwa miaka unaweza kuwa na hewa iliyopungukiwa oksijeni kwa kiasi cha kumzimisha mtu bila onyo lolote. Kwa hiyo hewa yoyote iliyobaki humo tangu enzi za mjomba imwagwe. Asijaribu mtu kuivuta hata kwa kuonja.

Vilevile vua kile kiatu cha plastiki cha chini kama kipo, pamoja na mikanda ya chuma. Nimeona mitungi iliyong'aa mwili mzima huku chini ya kiatu ukuta umeliwa, kwa sababu chumvi ilinaswa pale na haikuoshwa.

Kuhusu rangi, mwambie fundi asubiri. Mchanga wa kupigwa kwa nguvu huondoa zinki iliyopakwa kiwandani, na ukizidi hula chuma na kufifisha maandishi ya begani, na mtungi usiosomeka hakuna atakayekubali kuupima. Joto la tanuri ndilo baya zaidi. Kwa mtungi wa alumini, dalili ya kuwahi kupata joto kali inatosha peke yake kuukataa, kwa sababu nguvu ya aloi ile ilipatikana kwa joto lililopimwa kiwandani na joto jingine huivuruga. Chuma huvumilia zaidi, lakini hakuna sababu ya kukijaribu. Rangi ya kawaida ya brashi, baada ya kipimo, inatosha.

FundiWaMitungi alijibu:

Maelezo ya Mzee wa Maskati ni sahihi kabisa, na nashukuru kwa kukumbusha habari ya oksijeni. Nimalizie upande wa kumtafuta mpimaji.

Kwa huko Tanzania vyombo vya presha viko chini ya wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa hiyo anzia kwao na uulize ni karakana zipi zinazotambuliwa. Vifaa vya kupimia kwa maji hupatikana zaidi kwa wanaohudumia mitungi ya gesi za viwandani na ya kuzimia moto kuliko kwa watu wa kuzamia. Ukifika, usiulize tu kama wanapima. Uliza kama wana chumba cha maji cha kusoma kutanuka, au wanapandisha presha na kutazama geji tu. Njia hiyo ya pili inakubalika katika taratibu kadhaa za Ulaya, ambako presha ya kupimia huwa mara moja na nusu ya presha ya kazi, na ndiyo maana mtungi wako wa tatu umeandikwa 200 na 300. Lakini kwa mtungi wa 3AA unataka kuona namba mbili kwenye karatasi: jumla ya kutanuka, na kilichobaki. Cheti kisicho na namba hizo kinakuambia tu kwamba siku ile haukupasuka.

Uliza pia geji yao ilihakikiwa lini. Karakana inayojiheshimu ina mtungi maalumu wa kuhakiki, ambao kutanuka kwake kunajulikana, na huupima kila siku kabla ya kugusa mtungi wa mteja. Wakikuonyesha mtungi huo bila kusitasita, uko mahali pazuri. Wala usiwaruhusu wapime kabla ya kukagua ndani. Mtungi wenye mashimo ya kutu hukataliwa kwa ukaguzi, na hauna sababu ya kufikishwa kwenye pampu.

Muhuri wa Marekani, ambao ni mwezi na mwaka vikiwa na namba ya mpimaji iliyopangwa kwa mraba katikati, hugongwa na aliyesajiliwa huko tu. Mpimaji wa Tanzania atagonga alama yake mwenyewe na kukupa cheti, na kwa matumizi ya hapo hilo linatosha. Kama mpango wa vijana utakuwa wa kudumu, ukaguzi wa ndani ufanyike kila mwaka bila kusubiri kipimo cha maji. Waingereza wanautaka kila miaka miwili na nusu, na Waaustralia wanapima mitungi ya kuzamia kila mwaka. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu mimi niko upande wa Waaustralia katika suala la ukaguzi.

Kwa mtungi wa tatu, mpimaji akithibitisha kuwa shingo ni ya robo tatu ya inchi, tafuta vali inayolingana nayo na uombe aina ya uzi igongwe begani upya, ili anayekuja baada yako asirudie kufunga vali ya M25. Ile vali usiiache karibu na mtungi huo hata stoo.

Na mtungi wa alumini usiuuze wala kumpa mtu ukiwa mzima, kwa sababu atatokea wa kuujaza. Huku kwetu mtungi uliokataliwa hugongwa mfululizo wa herufi X juu ya alama ya DOT na presha yake, au neno la kuukataa. Kwako ni rahisi zaidi: vali ikishatoka salama, mwombe fundi wa magari atoboe ukuta wake kwa drili sehemu mbili na aharibu nyuzi za shingoni. Baada ya hapo unaweza kuuzwa kwa mnunuzi wa alumini chakavu kwa kilo, na yeye pia atafurahi kuona tundu, kwa sababu mtungi uliofungwa ni hatari kubwa kwenye tanuri la kuyeyushia.